Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne: kifaa kiko sawa, tatizo liko kwenye mipangilio

Focusrite walipotoa kizazi cha nne cha Scarlett 2i2, kifaa kinachounganisha maiki na ala za muziki na kompyuta ili kurekodi, mwaka 2023, waliyahamishia matundu ya maiki nyuma ya kifaa. Mbele yamebaki matundu mawili ya jeki ya milimita 6.35, ya gitaa, besi au kinanda. Aliyezoea kizazi cha tatu, ambacho tundu moja la mbele lilipokea maiki na jeki, atanung'unika siku mbili tatu kisha atashukuru, maana kebo nzito za maiki hazikatizi tena mezani. Jambo la kukumbuka ni hili: jeki ikichomekwa mbele, ndiyo inayosikika, na maiki ya nyuma kwenye chaneli hiyo hunyamaza. Maiki ikikataa kutoa sauti, kabla ya kuilaumu kebo angalia kama gitaa halijaachwa limechomekwa.

Badiliko lenye uzito zaidi ni geini, yaani kiasi ambacho kifaa huikuza sauti ya maiki. Kizazi cha tatu kilifika desibeli 56, hiki kinafika 69. Mwenye maiki ya kondensa (ile inayohitaji umeme ili ifanye kazi) hataona tofauti kubwa, kwa kuwa maiki hiyo hutoa sauti ya kutosha yenyewe. Anayefaidika ni mwenye maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme) yenye sauti ndogo. Shure SM7B, maiki ya aina hiyo, hudai takriban desibeli 60 kwa mtu anayeimba au kuzungumza kwa sauti ya kawaida, na ndiyo maana wengi waliokuwa na kizazi cha tatu walinunua kikuza sauti cha pembeni. Hapa pesa hiyo inabaki mfukoni.

Kitufe cha "Auto" husikiliza kwa sekunde kumi kisha hupanga geini chenyewe. Kinafanya kazi, ila kwa sharti kwamba mwimbaji aimbe ile sehemu ya juu kabisa ya wimbo. Akinong'ona wakati wa kupima halafu apaze sauti kwenye kiitikio, taa zitageuka nyekundu. "Safe" hushusha geini sauti inapokaribia kupasuka, lakini haitengenezi kilichokwisha kupasuka. Ukipanga kwa mkono, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli -12 kwenye mita ya programu. Kwa kurekodi kwa biti 24 hakuna haja ya kujaza mita. Nafasi hiyo ya juu ni akiba yako. "Air" huongeza mng'ao wa sauti za juu, lakini inaingia kwenye rekodi na haiondoki. Kwa sauti ambayo tayari ina "s" kali, iache.

Sasa kompyuta, ambako ndiko lawama nyingi zinazotupiwa kifaa hiki huanzia. Kwenye Mac inatambulika bila draiva, yaani programu ya kukitambulisha kifaa kwa kompyuta. Kwenye Windows, sakinisha Focusrite Control 2 kwanza, inakuja na draiva ya ASIO (njia ya kupitisha sauti kwa ucheleweshaji mdogo), kisha ndani ya programu ya kurekodi chagua Focusrite USB ASIO. Usichague ile ya Windows yenyewe wala ASIO4ALL (draiva ya jumla isiyo ya Focusrite), hata kama sauti inasikika, kwa sababu ucheleweshaji utakuwa mkubwa na utamlaumu asiyehusika.

Kisha bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata. Kwa hezi 48,000, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni ucheleweshaji wa milisekunde 2.7 kwa kila upande, na 512 ni karibu 10.7. Sauti huingia na kutoka, kwa hiyo zidisha kwa mbili na uongeze kidogo kwa kazi ya kubadilisha sauti kuwa tarakimu na kuirudisha. Rekodi kwa 128. Ukifika kwenye kumiksi, ukiwa na programu-jalizi nyingi (programu ndogo za kubadilisha sauti ndani ya programu ya kurekodi), panda hadi 512 au 1024. Sauti ikikatika na kutoa milipuko midogo hata kwa 512, zima hali ya kuokoa betri, ondoa kigawanyi cha USB na uchomeke moja kwa moja kwenye laptopu, kisha jaribu kuzima Wi-Fi. Kama kompyuta haitoi umeme wa kutosha kwenye USB, nyuma kuna tundu la pili la USB-C la kuingizia umeme wa volti 5 peke yake. Watu wengi hawalioni.

Kitufe cha "Direct" humwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta, hivyo bafa haimsumbui. Ukikiwasha, zima usikilizaji wa chaneli hiyo ndani ya programu, la sivyo sauti itasikika mara mbili, moja ikiifuata nyingine kama mwangwi wa bafuni. Kwa maiki moja tumia hali ya mono. Ile ya stereo hupeleka maiki sikio moja tu.

Mambo madogo: gitaa la umeme bila kubonyeza kitufe cha ala, "Inst" litasikika hafifu na bila uhai. Umeme wa 48V ni wa kondensa. Punguza sauti ya spika kabla ya kuuwasha, na usiuwashe kwa maiki za zamani za riboni (zenye utepe mwembamba wa chuma ndani). Hakikisha mradi na kifaa viko kwenye kiwango kimoja cha sampuli, 44,100 au 48,000, vinginevyo wimbo utasikika umepanda au umeshuka mwendo. Diski haitakuelemea sana: dakika moja ya chaneli moja kwa biti 24 na hezi 48,000 ni megabaiti 8.64.

Mngurumo unaosikika kwenye spika pindi chaja ya laptopu inapochomekwa hautoki kwenye Scarlett. Chomoa chaja, ukinyamaza, umejua chanzo. Tiba ni kutumia kebo za TRS (za jeki yenye sehemu tatu, zinazozuia mngurumo) kutoka matundu ya nyuma hadi kwenye spika zenye tundu la aina hiyo, badala ya kebo za RCA (zile za plagi ndogo nyekundu na nyeupe), na kuchomeka spika na laptopu kwenye soketi moja ya ukutani.

Asiyefaa kuinunua ni anayerekodi ngoma kwa maiki nne, au mwenye kinanda cha zamani chenye tundu la mviringo la MIDI (la kupeleka amri za noti, si sauti). Kifaa hiki hakina tundu hilo, na maiki zake haziwezi kuzidi mbili.