Walininyima risasi tatu za kupima: uzoefu wangu na .300 Magnum ya kukodi

Mtu akikushauri ukodi .300 Winchester Magnum, bunduki ya kuwindia yenye nguvu kubwa, kwa ajili ya swala pala wa huku Mburo, Uganda, mkatalie. Nasema hivi nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ina miezi sasa, haijapoa.

Mimi ni askari mstaafu. Nimebeba SMG, yaani AK-47, miaka mingi. Lakini kumwangusha mnyama mmoja aliye mbali, kwa risasi moja, bila kumtesa, ni kazi nyingine kabisa, na hilo nililijua kabla sijatoka nyumbani. Ndiyo maana nilisoma, nikauliza waliotangulia, nikaamua kuchukua .308, bunduki yenye kipigo kidogo kuliko Magnum. Swala pala dume ana kilo 60 hivi. .308 inamtosha na kubaki, na kwa kuwa bega haliogopi kipigo, unafyatua ukiwa umetulia.

Kufika kambini, kijana anayegawa bunduki akanicheka mbele ya wageni. "Mzee, .308 ni ya kufukuzia nyani shambani. Huku ni masafa marefu, unataka risasi kubwa."

Risasi kubwa! Hizo mbili risasi zake zina unene uleule, milimita 7.8 hivi. Magnum imezidi ganda na baruti tu. Inakwenda kasi zaidi, sikatai. Ukisawazisha darubini kwa mita 200, ikifika mita 300 ile .308 imeshuka karibu robo mita, na Magnum imeshuka kama sentimita 20. Ndiyo tofauti aliyonichekea nayo, upana wa vidole vitatu, na unailipia kwa bega.

Hata hivyo nilikubali, kwa sababu .308 yao eti ilikuwa imechukuliwa. Nikamwambia sawa, nipe risasi tatu nipige boksi kwa mita 100, nijue hii darubini inatazama wapi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akakataa. Risasi ni ghali, bunduki imeshasawazishwa, na kama kweli wewe ni askari majaribio ya nini?

Ndugu zangu, katika miaka yangu yote ya jeshi hakuna afande aliyewahi kunikabidhi silaha ya mwenzangu akaniambia nenda nayo bila kuipima. Darubini hugongwa garini, na barabara za Nyabushozi mnazijua. Hata ukibadilisha aina ya risasi tu, bunduki ileile inapiga mahali pengine. Huyu anaishi kwa kazi hii, na hataki kutoa risasi tatu!

Asubuhi tulitoka na askari wa wanyamapori pamoja na mzee mmoja mfuata nyayo. Mzee huyo sina neno naye, Mungu ambariki. Alituzungusha tukaukabili upepo, akatufikisha mita 280 kutoka kwa dume zuri lililosimama ubavu chini ya mgunga, kichwa kimeelekea kushoto. Nikaegemeza bunduki kwenye fimbo, nikalenga nyuma ya bega, nikafyatua. Kitako kikanipiga, darubini ikaruka, nikampoteza mnyama machoni. Sikuona hata risasi ilipotua. Mzee ndiye aliyeona.

"Afande, umempiga tumboni."

Tulimfuata mpaka jua likazama. Tone la damu hapa, majani yaliyotafunwa pale, kisha hakuna kitu. Kesho yake tukamkuta, fisi wameshamaliza, zimebaki pembe na vipande vya ngozi. Mji mkuu wetu, Kampala, umepata jina lake kwa mnyama huyu, impala kwa Kiingereza, na mimi nimemwacha alale usiku kucha na risasi yangu tumboni. Usiku ule sikulala, na hata sasa nikiandika mkono unatetemeka.

Kijana akaja na kauli moja tu: "Damu imemwagika, utalipa." Nililipa bila kubishana. Kanuni naijua, mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa ameuawa, na sehemu ya ada huenda kwa wenyeji ambao ng'ombe wao wanagombania majani na swala hawa. Hiyo ni haki yao. Lakini kabla sijaondoka nikanunua risasi tatu kwa pesa yangu na kupiga boksi kwa mita 100, wote wakitazama. Zote tatu zilikaa pamoja, ungezifunika kwa kizibo cha soda. Na zote zilikuwa kulia kwa upana wa kiganja. Upana wa kiganja kwa mita 100, fikisha mita 280 uone unaishia wapi kwenye mwili wa swala.

Kwa hiyo niseme ukweli, bunduki si mbovu. Bunduki inayokusanya risasi namna ile ni nzuri sana. Kwa pofu, kwenye tambarare za Karamoja, ningeichukua tena. Ingawa ni Karamoja hiyohiyo ambako W.D.M. Bell, mwindaji maarufu wa zamani, aliangusha tembo kwa bunduki ya 7x57, ambayo risasi yake ni nyembamba kuliko ya .308 na ya Magnum, kwa sababu alijua risasi yake inatua wapi. Basi labda nifute nilichosema mwanzoni. Hapana, sifuti. Kwa swala pala chukua .308, au .270 ukiipata, na atakayekucheka mwache acheke. Lakini hata .308 ya kambi ile singeigusa kama ingekuwa mikononi mwa kijana yule.

Juzi wamenitumia ujumbe, nirudi msimu huu, watanipunguzia bei. Nikawajibu sihitaji punguzo, nahitaji risasi tatu na boksi kabla ya kutoka kambini. Mpaka leo kimya.