Duka la Muziki Linalotaja Majina: Bandcamp na Albamu Nilizozigundua Mwaka Huu

Muziki ulionigusa kuliko mwingine wote mwaka huu niliupata Bandcamp, duka la mtandaoni lililofunguliwa Marekani mwaka 2008, ambamo wasanii na lebo ndogo huuza kazi zao kwa bei wanayoipanga wenyewe. Wengi wetu tumezoea YouTube, Boomplay na Audiomack, na mazoea hayo yana sababu zake: ni huduma rahisi, mtu anaweza kuzisikiliza bila kuwa na kadi ya benki, na nyimbo mpya hufika humo mara tu zinapotoka. Hata hivyo, kwa msikilizaji anayetaka kuufahamu muziki wa Afrika Mashariki unaotengenezwa nje ya njia kuu za redio na televisheni, na hasa anayetaka kujua ni nani aliyeutengeneza, naliweka duka hili juu ya huduma zote ninazozitumia. Nitaeleza sababu zangu kwa kupitia albamu zilizonifanya nilipende, pamoja na mahali ambapo duka lenyewe linatuangusha.

Kila albamu ina ukurasa wake. Ukiufungua kwenye kompyuta, unaona orodha ya nyimbo upande mmoja, jalada upande wa pili, na chini ya jalada picha ndogo za watu walioinunua, baadhi yao wakiwa wameandika sentensi moja au mbili kuhusu wimbo walioupenda zaidi. Chini ya orodha ya nyimbo kuna maelezo ya lebo au ya msanii, kisha majina: aliyetunga, aliyetayarisha, aliyechanganya sauti, aliyechora jalada. Kwa kawaida unaruhusiwa kusikiliza albamu nzima kabla ya kulipa, ingawa msanii anaweza kuweka kikomo cha mara utakazosikiliza bure. Ukinunua, unapakua faili na kubaki nazo, na kama bei ya chini ni dola 7 nawe ukaona kazi inastahili 10, unaandika 10 na ziada hiyo inamfikia mwenye kazi kwa utaratibu ule ule. Msanii ambaye hataki kutoza chochote naye anaweza kuruhusu watu wapakue bure au walipe wanachopenda.

Umuhimu wa majina hayo niliuona vizuri zaidi nilipofika kwenye singeli. Muziki huu ulizaliwa uswahilini, katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ukakulia kwenye vigodoro na shughuli za harusi, na kwa miaka mingi ulisambaa kwa kurushiana: kutoka kwa DJ kwenda kwa dereva wa bodaboda, kutoka kibanda cha kurushia nyimbo kwenda kwenye memori kadi ya mteja. Njia hiyo iliufikisha muziki mbali bila msaada wa mtu yeyote mwenye mtaji, na inastahili heshima. Lakini jina la aliyetengeneza biti lilipotea njiani. Faili ilibeba jina la emsii, au la DJ aliyeirusha, au ilibaki na tarakimu tupu. Tulimjua Msaga Sumu, tukamjua Man Fongo, tukamjua Dulla Makabila, nao wameufanyia muziki huu kazi kubwa. Ila wale waliokesha mbele ya kompyuta, wakikata kipande kifupi cha kinanda na kukizungusha kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika, walijulikana mtaani kwao tu.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliokusanya kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na mwaka 2021 ikafuata na Sounds of Pamoja kutoka studio ya mtayarishaji Duke. Nilizisikiliza zote mbili mfululizo, na kilichonishangaza ni jinsi mikono ya watayarishaji inavyotofautiana. Mtu anayesema kwamba singeli yote ni kelele moja azisikilize kwa mpangilio huo, huku akisoma jina la kila aliyehusika, na baada ya muda ataanza kumtambua mtayarishaji kwa namna anavyopanga ngoma zake hata kabla ya emsii kufungua mdomo.

Katika albamu za mtayarishaji mmoja mmoja, ninayoirudia zaidi ni Poaa ya Bamba Pana, iliyotoka mwaka 2018. Sehemu kubwa yake haina sauti ya mtu. Emsii Makaveli anaingia kwenye nyimbo chache tu, na anapoingia unahisi amekuja kujibu swali ambalo vinanda vimekuwa vikiliuliza tangu mwanzo. Mr Mixondo ya DJ Travella, ya mwaka 2022, ni kazi ya kijana aliyekulia ndani ya singeli na kusikiliza kila kitu kingine kinachopatikana kwenye intaneti, na mchanganyiko huo unasikika bila kuufanya muziki upoteze kwao. Kisha kuna Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko, ya mwaka 2024, ambayo nadhani ndiyo yenye ujasiri zaidi kati ya hizi tatu. Maiko anapiga kinanda kama mtu anayemtania mwenzake: anaacha sauti nyembamba za kuchekesha zikimbie juu ya ngoma, anazikatiza ghafla, anazirudisha zikiwa zimepinda, naye Sisso hampunguzii kasi hata kidogo. Isikilize kwa spika nzuri au kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu spika ya simu huimeza besi yote na kukuachia mlio mkali peke yake.

Hata hivyo, nina lalamiko kuhusu namna muziki huu unavyoelezwa kwenye kurasa hizo. Maelezo yameandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya msikilizaji wa Berlin au London, na yanazungumzia kasi, kasi na kasi tena. Msikilizaji wa Dar es Salaam hashangazwi na kasi. Yeye anasikiliza maneno: dongo analopigwa jirani, malalamiko ya kodi ya nyumba, sifa za mama wa bwana harusi, mafumbo ambayo nusu yake yanaeleweka na wakazi wa mtaa mmoja tu. Bandcamp ina sehemu ya kuweka mashairi ya kila wimbo, na katika kurasa za singeli nilizopitia sehemu hiyo ilikuwa tupu. Hilo linaniumiza kwa sababu emsii wa singeli ni mtunzi, anayetoa picha na vijembe kwa kasi ambayo wengi hawawezi hata kuisoma, na miaka kumi ijayo hakutakuwa na mtu wa kumuuliza alisema nini kwenye ubeti wa tatu. Jina lake limehifadhiwa, ila alichokisema hakijaandikwa popote, na kazi ya kukiandika ingemchukua mzungumzaji wa Kiswahili jioni moja kwa kila albamu.

Kwa upande wa Kenya, ugunduzi ulionikalia moyoni ni wa KMRU, kijana wa Nairobi ambaye jina lake ni Joseph Kamaru. Albamu yake Peel, iliyotolewa mwaka 2020 na lebo ya Editions Mego, haina ngoma wala mwimbaji. Imejengwa kwa sauti ndefu zinazobadilika polepole pamoja na sauti alizozirekodi huku na huko, na wimbo wa mwisho unazidi dakika 20. Si muziki wa kuweka ukiwa unafanya jambo jingine kwa haraka. Nilipoingia kwenye kazi zake nikakuta kwamba jina hilo la Joseph Kamaru ni la babu yake, yule gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyeimba kuhusu kuuawa kwa mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975 na kufariki mwaka 2018, na kwamba mjukuu amekuwa akizitoa upya rekodi za babu kupitia Bandcamp. Mkusanyiko wa Heavy Combination 1966–2007 ni mlango mzuri wa kuingilia. Magitaa yake yanacheka hata pale maneno yanapokuwa mazito, na asiyejua Kikuyu bado anasikia kwamba mwimbaji anamwambia mtu fulani jambo ambalo mtu huyo hataki kulisikia.

Zanzibar nayo ina kitu kinachofanana na hicho. Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, alitoa mwaka 2020 albamu ya Siti of Unguja kupitia lebo ya On the Corner ya London. Nilikuwa na wasiwasi kwamba taarabu ya zamani ingefunikwa na vyombo vya kisasa ili impendeze mgeni. Zipo sehemu chache ambapo hilo linakaribia kutokea, hasa besi inapopandishwa kupita kiasi, lakini sauti ya Siti Muharam imetulia mbele ya kila kitu, haina haraka, na matamshi yake yako wazi kiasi kwamba kila neno la shairi linafika.

Kwa wanaopenda muziki mkali wa metal kuna Duma, albamu ya mwaka 2020 ya kundi la Nairobi lenye jina hilo hilo, na The Adept ya Lord Spikeheart, aliyekuwa mwimbaji wa kundi hilo, ya mwaka 2024. Zote mbili zinachosha kwa namna inayoridhisha. MC Yallah wa Uganda, anayechana kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, anasikika vizuri zaidi kwenye Yallah Beibe ya mwaka 2023 kuliko kwenye kazi zake za awali, kwa maoni yangu.

Sasa malipo, ambako ndiko wasomaji wengi watakwama. Bandcamp hupokea kadi za benki na PayPal. Pesa ya simu haipokelewi moja kwa moja. Mwenye kadi ya Visa iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni hatapata shida, na Kenya kuna GlobalPay ya M-Pesa inayompa mteja namba ya kadi ya kulipia nje, lakini kijana wa Mbagala mwenye salio kwenye simu na asiye na kadi yoyote anaachwa mlangoni. Kwa upande wa mapato, duka hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa kama fulana, kaseti na santuri, bila kuhesabu ada ya malipo yenyewe. Wauzaji hulipwa kupitia PayPal, jambo linalowafanya wasanii wengi wa ukanda wetu wategemee lebo yenye akaunti. Kwa hiyo ununuapo kutoka ukurasa wa lebo, fahamu kwamba fedha zinaingia kwa lebo kwanza na msanii hupata kulingana na makubaliano yao; pale msanii anapokuwa na ukurasa wake mwenyewe, kama KMRU, mimi hununua huko. Santuri na kaseti sizipendekezi kwa aliyeko Afrika Mashariki, kwa kuwa gharama ya kusafirisha huweza kuzidi bei ya bidhaa yenyewe.

Tangu Machi 2020, wakati wa janga la korona, duka limekuwa na siku maalumu za Ijumaa ambapo linaacha kukata sehemu yake ili msanii apate zaidi. Tarehe za Ijumaa hizo hutangazwa mapema, na siku yenyewe huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, hivyo kwetu huanza saa nne au saa tano asubuhi kulingana na majira na kuendelea hadi muda kama huo Jumamosi.

Kuhusu uimara wa huduma, nina hofu ya kweli. Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023, na katika mabadiliko hayo karibu nusu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Duka linaendelea kufanya kazi vizuri, lakini kilichobadilishwa umiliki mara mbili ndani ya miaka miwili kinaweza kubadilishwa tena. Pakua kila unachonunua siku hiyo hiyo na kihifadhi mahali pawili. Albamu ya dakika 40 kwa MP3 ya ubora wa juu haifiki MB 100, wakati ile ya FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, inaweza kufika MB 300, hivyo mwenye bando dogo achague MP3 kwanza. Faili za FLAC anaweza kuzifuata baadaye akipata Wi-Fi, kwa kuwa ununuzi mmoja unampa haki ya kupakua aina zote.

Kama una fedha za albamu moja tu, nunua Singeli Ya Maajabu. Ukiwa na za mbili, ongeza Heavy Combination, uisikilize kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho kwa mpangilio uliowekwa.