Huduma ya kuratibu ulinganishaji wa utendaji, Dodoma: viashiria safi, mrejesho hafifu

Taasisi zetu nyingi zikisikia kulinganisha utendaji, zinaelewa ziara ya mafunzo: gari, posho, picha ya pamoja. Huduma hii, inayotolewa na ofisi ndogo ya washauri jijini kwa vikundi vya halmashauri tano hadi nane, huanzia kwingine: kwenye kamusi ya viashiria, yaani maelezo ya namna kila kipimo cha utendaji kinavyohesabiwa.

Kamusi hiyo peke yake inatosha kuhalalisha gharama. Chukua siku za kutoa kibali cha ujenzi. Halmashauri moja huanza kuhesabu michoro inapopokelewa masjala, nyingine siku ada inapolipwa. Hii inahesabu siku za kazi tu, ile inajumlisha Jumamosi na Jumapili. Jalada likirudishwa kwa marekebisho, wapo wanaolisajili upya kama ombi jipya, na siku zote za nyuma zinapotea. Ukizipanga namba hizo kwenye jedwali moja, anayeonekana mzembe huenda ndiye anayehesabu kwa uaminifu. Kwa kila kiashiria, waratibu hawa huandika hesabu inaanzia wapi, inakomea wapi na inatoka daftari gani. Kisha kila mshiriki huvuta majalada 10 na kukokotoa, na mshiriki mwingine hukokotoa yaleyale. Majibu yakipishana, tafsiri inarudi mezani. Hatua hii inachukua wiki 3 kati ya 12 za huduma nzima, msikubali ipunguzwe.

Tumependa pia kwamba hawategemei wastani. Jalada moja lililokwama kwenye mgogoro wa kiwanja linaweza kuuvuruga wote, kwa hiyo wanayapanga majalada kuanzia la haraka hadi la mwisho na kusoma la katikati.

Udhaifu uko mwishoni. Mrejesho ni kikao kimoja cha siku moja, na kinaishia kwenye jedwali. Jedwali linaonyesha nani anatumia siku chache, halisemi kwa nini. Mara nyingi sababu ni ndogo mno: kikao cha kupitisha vibali kinakaa mara moja kwa mwezi, na jalada lililofika kesho yake linalala mwezi mzima hata wataalamu wawe hodari kiasi gani. Hilo hulioni mpaka ukae na mtu wa masjala. Basi dai siku ya pili, ya kufuata njia ya jalada hatua kwa hatua, na mtume mkuu wa idara pamoja na karani wake, si yeyote aliye na nafasi.

Ratiba nayo wanaiacha wazi mno. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na Mei na Juni hakuna mhasibu atakayewajibu. Anzeni mapema Septemba, ili matokeo yatoke kabla Novemba haijaisha na yaikute bajeti bado inaandaliwa.

Kabla ya kusaini, ongezeni kipengele kinachokataza kutangaza mshindi. Pakiwepo nafasi ya kwanza na ya mwisho, namba zitapikwa. Na majina ya waombaji yafutwe kabla majalada hayajatoka ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu ninyi pia.