Wamebadilisha tarehe, kosa wameliacha palepale

Nyota moja. Ningeweka sifuri kama sifuri ingekubalika.

Jina la ensaiklopidia yenyewe silitaji, wanaoilipia wataijua. Ni ile ya historia ya pwani yetu, ya kusoma mtandaoni, ambayo hapo juu kabisa imejisifu kwamba makala zake zimehakikiwa na wataalamu na zinahuishwa kila mara. Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo. Si msomi, nina kidato cha nne na miaka mingi ya jua. Lakini kazi hii mtu anakula kwa ulimi wake, na ukikosea mwaka mmoja mbele ya mwalimu wa historia, umekwisha. Ndiyo maana nikalipia. Kila mwezi kabla sijanunua bando wala umeme, hela ya ensaiklopidia inatoka kwanza. Mke wangu mpaka leo anaamini ni hela ya mchezo.

Sasa sikilizeni.

Lilikuja basi la wanafunzi wa chuo kutoka bara, thelathini na kitu, na mwalimu wao. Asubuhi nikawapeleka Kaole, tukaona magofu ya misikiti na makaburi, kila kitu sawa, wanacheka, wanapigana picha. Mchana tukasimama kivulini pale Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara. Nikawaeleza njia ya misafara, tangu Ujiji, ukipita Kwihara kule Tabora, ukipita Mpwapwa, mpaka hapa ulipo mguu wako. Nikamalizia na maneno ninayoyasema siku zote: njia hii Tanzania iliipeleka UNESCO, mwaka 2006 ikaingia kwenye orodha ya awali, ile ya wanaosubiri kufikiriwa, na mpaka leo inasubiri hukohuko. Bagamoyo haijawa Urithi wa Dunia.

Binti mmoja wa mbele, kajifunga kitambaa cha bluu, akanyanyua simu. Mpole, wala hakuwa na kiburi. "Samahani, mzee. Hapa wanasema ni Urithi wa Dunia tangu 2006."

"Hapo wapi, mwanangu?"

Akanisogezea kioo. Nikaiona nembo yao, ule mchoro wa jahazi. Nikaiona na sentensi yenyewe. Niliijua sentensi ile kama ninavyolijua jina la mama yangu, kwa sababu nitakazozieleza sasa hivi. Nikamwambia hao wamekosea. Binti akashusha kidole chini ya ukurasa, akasema kwa adabu kabisa, "Lakini mzee, hii imehuishwa juzi tu. Tarehe hii hapa. Labda wewe una taarifa za zamani."

Taarifa za zamani!

Mwalimu akaniangalia vile unavyomwangalia muuza samaki anayekuapia kwamba changu wake wametoka baharini alfajiri. Mimi nikafanya kosa la kuanza kuhesabu. Ngorongoro 1979. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara 1981, Serengeti mwaka huohuo. Selous 1982. Kilimanjaro 1987. Mji Mkongwe wa Zanzibar 2000. Michoro ya miambani ya Kondoa 2006. Saba, nikawaonyesha vidole, Bagamoyo iko kidole gani? Lakini kadiri nilivyohesabu ndivyo nilivyozidi kuonekana muongo, maana mtu mwenye haki yake hahesabu kwa vidole huku jasho linamtoka. Wawili watatu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Safari ya misheni, ambayo ndiyo tamu kuliko zote, tuliimaliza kimya kimya. Bahashishi siku hiyo sikuiona, lakini hela si kitu. Kilichoniuma ni ile "za zamani".

Basi nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo uchungu ulipo.

Kosa lile nililiona mimi, wiki kadhaa kabla ya basi lile kufika. Nadhani nalijua hata lilikotoka: 2006 ndio mwaka Kondoa ilipoingia kwenye orodha yenyewe, na sisi ndio mwaka huohuo tukaingia kwenye ile ya awali. Orodha mbili, mwaka mmoja, mwandishi mmoja mwenye usingizi. Yanatokea. Sikukasirika hata kidogo, nilifurahi! Nikajiona na mimi leo nitachangia elimu. Nikafungua ile fomu yao ya kutoa taarifa ya kosa. Swali la kwanza, hata kabla hujasema kosa ni lipi, wanataka sifa yako: Profesa, Daktari, Mhadhiri, Mwanafunzi, Nyingine. Nikachagua Nyingine. Nikaandika nikiwa nimekaa kibarazani, barua nzuri, salamu mwanzo na shukrani mwisho, na katikati nikawawekea linki ya orodha ya UNESCO yenyewe, si ya mjomba wangu.

Kimya. Halafu likaja jibu: "Ndugu msomaji, makala husika iliandikwa na mtaalamu na kupitiwa na jopo. Tunakushauri urejee vyanzo vya kitaaluma kabla ya kuwasilisha dai."

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Nirejee vyanzo. Mimi niliyewapelekea chanzo mlangoni kwao wananiambia nikatafute chanzo! Hawakufungua ile linki, naapa. Waliona Nyingine, basi. Ningeandika Profesa wangeniita ndugu mhariri.

Siku chache baadaye nikafungua ukurasa, nikaona pale chini: "Imehuishwa", na tarehe ya wiki ileile. Moyo ukaruka. Nikamwita mke wangu, njoo uone, mumeo amesikilizwa. Nikapanda juu kusoma. Sentensi ileile. Mkato uleule. Nikasoma makala nzima neno kwa neno, nikiifananisha na kurasa nilizokuwa nimezichapisha stationery zamani kwa ajili ya kujifunzia. Hakuna kilichobadilika hata nukta. Ila tarehe. Mtu aliingia mle ndani, akapita juu ya kosa nililomwonyesha kwa kidole, akaenda kubadilisha tarehe, akatoka. Samaki wa juzi kamwagiwa maji ili ang'ae. Na tarehe hiyo ndiyo aliyonionyesha yule binti.

Kitabu hakiwezi kukufanyia hivi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, toleo la pili 2004, la tatu 2013. Katikati hapo maneno yalizaliwa mengi na hakuna aliyelalamika, kwa sababu mwaka wa kuchapwa umeandikwa pale mbele na hauendi popote. Unajua umeshika cha lini. Kitabu kinazeeka na heshima yake. Hawa wa mtandaoni hawana kisingizio cha mashine wala karatasi, sentensi moja unairekebisha kabla chapati haijageuzwa upande wa pili.

Na msiniambie haiwezekani. Mpwa wangu anayesoma Mlimani alinionyesha ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford, ilianza 1995 na mpaka leo ni bure. Kila makala ina mwenyewe, mtu kwa jina lake, aliyekubali kuitunza na kuirekebisha mambo yakibadilika. Pale juu wanakuandikia ilitoka lini mara ya kwanza na lini imerekebishwa kwa maana ya kurekebishwa. Halafu, hili ndilo lililonitoa machozi, kila baada ya miezi mitatu wanaweka nakala ya ensaiklopidia nzima kama ilivyo siku hiyo. Ukinukuu leo, wao wakabadilisha kesho, mwalimu wako akitaka kuona ulichokiona anaikuta ile ya siku yako. Falsafa yenyewe niliambulia nusu ukurasa. Tarehe nilizielewa zote.

Makosa mengine ya hawa wangu nayapita haraka. Bado wanaandika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kana kwamba hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, tangu 2007. Pori la Akiba la Selous kwao bado zima, hawajasikia kwamba mwaka 2019 sehemu kubwa ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nimezoea.

Ila haki isemwe. Makala yao ya misheni hapa Bagamoyo sijaona mfano wake. Aliyeiandika alisimama pale, unajua tu. Anaanza na mapadri walivyofika 1868, anakuja mpaka mwaka 1874, mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulipoletwa hapa ukisubiri meli. Na hakuwaficha Waafrika walioubeba. Susi na Chuma amewaweka mbele kwa majina yao, njia nzima toka Chitambo alikofia, ambako leo ni Zambia, hadi kwenye mnara ule wa kanisa la misheni. Nimewasimulia wageni kwa makala hiyo, na kuna mama mmoja alikaa chini akalia. Hiyo peke yake inatosha nyota ya pili. Basi ziwe mbili. Tuseme mbili na nusu, kwa ajili ya mwandishi huyo, popote alipo.

Nilikuwa nataka niishie hapo. Halafu juzi kati ikaingia meseji kwenye WhatsApp, kutoka kwa yule mwalimu wa basi.

"Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma tena ile makala. Inasema orodha ya awali, kama ulivyotuambia. Tunaomba radhi. Yule binti nilimsema sana mbele ya wenzake, alisoma vibaya akakusumbua bure."

Mtu mwingine angefurahi. Nami nilifurahi, kama dakika moja hivi. Nikafungua ukurasa. Kweli, wamerekebisha. Sentensi imenyooka, "orodha ya awali" ipo, tena karibu na maneno yangu mwenyewe niliyowaandikia. Asante hakuna, sawa. Nikashuka chini kuangalia tarehe.

Tarehe ni ileile ya zamani. Ile ya uongo.

Mnaona walichofanya? Walipoacha kosa walibadilisha tarehe, walipoondoa kosa wakaiacha. Kwa hiyo mtu yeyote akifungua leo ataona ukurasa uliokuwa sahihi tangu kabla ya basi lile kufika Bagamoyo. Hakuna mstari unaosema hapa palikuwa na kosa, hakuna nakala ya kabla, hakuna chochote. Mimi nimesafishika. Anayechafuka ni yule mtoto. Yeye alisoma kilichoandikwa, akaangalia tarehe kama anavyofundishwa, akauliza kwa adabu, na sasa anasemwa mbele za watu kwamba hajui kusoma. Nami niliiona kwa macho yangu mawili! Niliiona kwenye simu yake, tena kwa kioo kilichopasuka kona ya kulia.

Nikampigia mwalimu hapohapo. Nikamwambia binti alisoma sawasawa, wao ndio walibadilisha kimyakimya. Akacheka kidogo. "Haina haja, mzee, yameshapita." Nikamwambia kwangu hayajapita. Akasema nina moyo mzuri. Alidhani namtetea tu, namfichia mtoto aibu. Ushahidi niwe nao wapi? Zile kurasa za stationery zina sentensi ya kosa, lakini hazina siku. Picha ya skrini sikupiga, nani angewaza kupiga picha kosa?

Nimewaandikia tena. Safari hii sikuomba warekebishe kitu, nimeomba mstari mmoja tu: kwamba makala hii ilikuwa na kosa, na siku waliyoliondoa. Likarudi jibu la mashine, asante kwa maoni yako, maoni yako ni muhimu kwetu. Nyota imerudi kuwa moja. Ile nusu vilevile naifuta, mwandishi wa misheni anisamehe.

Na ndiyo, mwezi huu nimelipia tena, msinicheke. Makala ya misheni siipati kwingine. Ila sasa kila ninachokisoma nakipiga picha, na kwenye daftari naandika siku na saa.

Binti wa kitambaa cha bluu, kama unasoma hapa: hukusoma vibaya. Siku ukirudi Bagamoyo niulizie kwa waongoza wageni pale Caravan Serai, mwambie yeyote unamtaka mzee wa taarifa za zamani, watacheka, watakuleta. Kiingilio cha Kaole nalipa mimi. Na mwalimu wako mje naye.