Uzi wa Plastigage: uzoefu wangu wa kupima nafasi za beringi

Nilipoamua kusuka upya injini ya silinda 4 ya gari langu, nilikuwa na mikromita ya kupimia shingo za krenki (sehemu za mviringo za mhimili mkuu wa injini zinazozunguka ndani ya beringi), lakini sikuwa na geji ya kupimia kipenyo cha ndani cha beringi, na sikuona sababu ya kununua kifaa cha namna hiyo kwa kazi ninayoifanya mara moja baada ya miaka mingi. Badala yake nilinunua Plastigage, yaani uzi mwembamba wa plastiki laini unaokaa ndani ya karatasi iliyochapwa kipimo. Nilichagua wa kijani, unaopima nafasi, yaani uwazi mdogo kati ya shingo na beringi, kuanzia milimita 0.025 hadi 0.076.

Matumizi yake ni mepesi kueleza. Unafuta oili yote, kwa sababu oili huuharibu uzi, unakata kipande kinacholingana na upana wa beringi, unakilaza juu ya shingo ya krenki kwa kufuata urefu wake, unarudisha kofia (kipande kinachofunga beringi juu ya shingo) na kukaza bolti kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, kama kitabu cha injini kinavyoagiza, kisha unafungua. Uzi utakuwa umebapa. Ukiwa mpana, nafasi ni ndogo. Ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa, na karatasi inakuonyesha ni kiasi gani. Shingo za konrodi zangu (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zina kipenyo cha karibu milimita 48, nami nilitarajia kukuta karibu 0.05, kwa kufuata mazoea ya mafundi ya kuhesabu sehemu moja ya elfu ya kipenyo.

Konrodi ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilipokuwa nakaza bolti ya pili, krenki iligeuka kidogo tu, nami nikajifanya sikuona. Nilipofungua kofia nilikuta plastiki imepakazwa kama siagi juu ya mkate, haisomeki. Nilirudia baada ya kuizuia krenki kwa kipande cha mbao, nikapata 0.05 bila wasiwasi wowote.

Konrodi ya tatu ndiyo iliyonifanya niuheshimu uzi huu. Ulibapa ukawa mpana kuliko mstari mpana kabisa kwenye karatasi, maana yake nafasi ilikuwa chini ya 0.025, ilhali mikromita ilikuwa imeniambia kwamba shingo zote 4 zina kipenyo kilekile. Nilitoa nusu ya beringi kwenye kofia na kuigeuza: mgongoni palikuwa na chembe ya gasketi ya zamani, ndogo kuliko punje ya mtama, iliyokandamizwa hadi ikang'aa. Nilipoikwangua na kupima upya, nilipata 0.05 kama kwa wenzake. Mikromita hupima chuma kikiwa peke yake mezani. Uzi hupima vitu vikiwa vimefungwa pamoja, pamoja na uchafu wangu.

Hata hivyo, uzi hausemi kila kitu. Hupima mahali pale tu ulipolala, kwa hiyo shingo iliyokuwa na umbo la yai inaweza kukupa jibu zuri la uongo usipogeuza krenki robo mzunguko na kupima tena. Ukibapa kwa upana tofauti upande huu na ule, shingo au beringi imelika kwa mshazari, na hapo lazima urudi kwenye mikromita. Kusoma kati ya mistari miwili ni kukisia, na ninaamini jicho langu linaweza kukosea hadi milimita 0.01. Kwa beringi kuu, zile zinazoshikilia krenki kwenye bloku ya injini, bloku ilikuwa imepinduliwa ili uzito wa krenki uangukie upande wa bloku. Injini ikiwa imesimama kama kawaida, krenki huelemea kofia na kuukandamiza uzi kupita kiasi.

Jambo moja ambalo maelezo ya pakiti hayakunitajia ni bolti ambazo zikishafikia torki huzungushwa zaidi kwa pembe ya digrii kadhaa. Nyingi za aina hiyo huvutika na kurefuka, na hazipaswi kutumika tena, hivyo nilipimia kwa bolti za zamani na kuziweka mpya kwa ajili ya kufunga mara ya mwisho.

Ningeununua tena, na safari hii ningenunua pakiti ikiwa karibu na siku ya kazi, kwani kipande nilichokiweka akiba kwenye sanduku la zana kimekauka na hukatika hata kabla ya kukilaza kwenye krenki.