Chanjo ya soya niliyouziwa kutoka dirishani, uzoefu wangu

Naandika bado nina hasira, na hasira yenyewe ni ya msimu wa juzi au ule wa nyuma yake, sikumbuki vizuri, ila kila nikipanda soya inanirudia upya kama malaria. Kama unataka kujua pakiti ina gramu ngapi na inatosha mbegu kilo ngapi soma mgongoni mwa pakiti, mimi leo nina shida na kijana wa duka.

Nina kashamba huku Inyala, eka mbili na kipande. Nilikuwa nalima mahindi na viazi kama kila mtu, soya nimeingia baada ya kuchoshwa na bei ya mbolea. Bwana shamba wetu alitukalisha chini ya mti akatuambia soya ukiipaka ile chanjo ya bakteria kabla ya kupanda, mizizi inaota vinundu, na humo ndani ya vinundu bakteria wanakamata naitrojeni ya hewani wanaulisha mmea, mmea nao unawalipa sukari. Hewa hii tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, bure kabisa, sema mmea hauwezi kuitumia ikiwa hivyo ilivyo. Maharage angalau udongo wetu una bakteria wake wa siku nyingi, wameshajuana, lakini soya ni mgeni katoka China huko, ndugu zake hapa wachache, ndo maana unambebea kwenye pakiti. Nikapenda. Mimi mtu wa kubana hela, neno bure linaniingia haraka kuliko mahubiri.

Basi nikapanda hiace mpaka mjini. Kuna duka la pembejeo karibu na stendi, jina sitaji, anayelijua kashalijua. Lina dirisha kubwa la kioo linaangalia magharibi. Mbeya yetu na hii baridi mtu anasahau kama jua lipo, ila simama nyuma ya kile kioo saa tisa mchana uone, sweta utavua mwenyewe bila kuambiwa. Hapo ndo walipoliweka boksi la chanjo, limesimamishwa kama pambo la sebuleni, picha ya soya imeshapauka mpaka majani yamekuwa ya bluu. Na chini ya picha maandishi bado yanasomeka: hifadhi mahali penye ubaridi, mbali na jua. Yaani onyo lenyewe limeanikwa.

Nikamwambia kwa upole tu, mdogo wangu, hivi si vitu hai hivi, mbona viko juani? Hakuinua hata macho kwenye simu. "Bimkubwa, bakteria ni wadudu, wadudu wanapenda joto." Nikamwambia bwana shamba katuambia vikae penye ubaridi. Hapo sasa ndo akaniangalia, kuanzia kilemba mpaka kandambili zangu zenye tope, akapaza sauti ili na wateja wengine wasikie: "Sasa kama bwana shamba ndo anajua, si ukanunue kwake?" Watu wakacheka. Na mimi, mwanamke mzima niliyelea watoto watano, nikacheka nao! Hiyo inaniuma mpaka kesho, kuliko hata hela. Nikatoa hela, nikachukua pakiti mbili, na asante nikasema.

Nyumbani nafungua pakiti, unga mkavu kama ugoro. Ule mzuri huwa mweusi, una kaunyevu, ukiufinya unashikana kidogo kama mboji, sasa mimi sikujua, ndo mara ya kwanza. Upepo ukapita ukaondoka na sehemu yake. Nikakoroga sukari kwenye maji ili unga ushike, nikachanganya kivulini, mbegu zote zikawa nyeusi vizuri, udongo ulikuwa na unyevu, tukapanda asubuhi hiyohiyo. Nilifuata kila kitu. Karibu kila kitu, nitarudi hapo.

Wiki ya tano au ya sita soya ikaanza kupauka. Njano ile ya ganda la ndizi, majani ya chini ndo yanatangulia. Nikachimba na jembe (usivute mche kwa mkono, vinundu vinakatikia chini halafu unasema havipo), nikasuuza mizizi kwenye ndoo, misafi, imenyooka kama ndevu za mahindi, hakuna hata kinundu kimoja. Nikachimba mche wa pili, wa kumi, nikaacha kuhesabu. Jumapili ile kwenye vikoba nikawatangazia akina mama wote, chanjo ya soya ni utapeli, msithubutu, bora mkanunue vitenge.

Ila hapa ndo nilipojiaibisha. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ametoka Morogoro akaniletea kipakiti kimoja, amekisafirisha kakizungushia kanga mbichi, nikamcheka kweli, nikamwambia umebeba maziwa ya mtoto? Nilikuwa nimekitumia kwenye mistari michache kule karibu na mparachichi, nikasahau kabisa. Naenda kuangalia, kijani! Kijani kile cha kuiva. Nikachimba mche mmoja, vinundu vimejazana kwenye mzizi kama shanga. Nikakipasua kimoja kwa kucha, ndani kina wekundu, wekundu wa fizi za mtoto mchanga. Bwana shamba anasema ile rangi ni protini ndugu yake na hii ya kwenye damu yetu, ukiiona ujue bakteria wako kazini, ukikuta kinundu cheupe au cha kijani ndani hakuna kazi. Na pakiti ni ileile jamani, kampuni ileile, picha ileile ila hii majani yake ya kijani.

Kwa hiyo chanjo haina kosa, nayafuta yote niliyosema vikoba.

Sasa sikiliza. Narudi dukani nimebeba miche miwili kwenye mfuko, wa mparachichi na wa shamba, nimuonyeshe kistaarabu. Hakuugusa. Akasema, "Si ungechukua urea tangu mwanzo bimkubwa, urea haina mambo mengi." Na nikanunua urea! Kwake! Soya ilikuwa inakufa ningefanyaje, duka lingine lilikuwa limefunga. Mtu kaniulia bakteria wangu dirishani halafu ananiuzia dawa ya msiba wake. Nasikia kuna Mholanzi anaitwa Beijerinck aliwatenga hawa bakteria kutoka kwenye vinundu tangu 1888, na mimi mpaka leo nabishana na mtu kwamba hawaanikwi.

Haya, kile nilichosema nitarudi. Siku ya kupanda vijana waliokuja kibarua walienda kunywa togwa, beseni la mbegu zilizopakwa likabaki kichwani mwa shamba, kivuli kikahama, kama saa nzima hivi. Na mimi nililiona. Nikasema acha wamalize togwa. Kwa hiyo labda na mimi nimeua, siwezi kukataa, labda waliobaki niliwamalizia mimi. Ila waliobaki wepi sasa, kwenye ule ugoro! Hapana. Wa mparachichi nao walikaa kwenye beseni lao hapohapo pembeni na wakapona. Kosa la yule kijana silibebi mimi.

Msimu huu nimeagiza tena kwa mdogo wangu, na kwa nyota za tathmini chanjo naipa tano kati ya tano, nne kama unasafiri nayo mwenyewe maana ni usumbufu. Duka nilikuwa nataka kulipatia nyota sifuri, halafu juzi nimepita pale na hiace, nachungulia dirishani, boksi halipo! Nikafurahi mwenzenu, nikashuka kabisa kituo si changu, nikasema kumbe kijana alisikia. Nikaingia, nikamuuliza chanjo iko wapi, akaniambia kwa fahari, "Bimkubwa tumeiweka kwenye baridi kama ulivyosema." Akafungua friza. Iko chini ya barafu za ubuyu, imeganda kama tofali.