TAHADHARI: Hadi diski za mtumba Kariakoo, nimelizwa elfu 70

Ndugu zangu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Elfu 70 yangu imekwenda, na picha zangu za Tabata nilizohamishia humo ndiyo basi tena.

Huyu kijana aliyeniuzia diski si mgeni kwangu. Mwaka jana aliniuzia RAM ya kompyuta na mpaka leo inapiga kazi, kwa hiyo msiseme niliokota mtu njiani. Jumamosi akatoa diski ya TB 1, akaipangusa vumbi kwa shati lake: "Dada, hii imetumika miezi sita tu, imetoka ofisini." Nikamwambia sinunui kitu sijakiona kinafanya kazi. Akaichomeka kwenye kompyuta yake mbele ya macho yangu. Haikuonekana. Nikashtuka. "Tulia dada yangu, ni tupu, haijapangwa." Akachagua GPT, yaani mfumo wa kugawa diski, akatengeneza patisheni moja (sehemu ya kuhifadhia), akafomati. Dakika haijaisha, hiyo hapo, GB 931! Najua TB 1 Windows huisoma hivyo hivyo, nikaona mtu mkweli huyu. Akaapa kwa jina la Mungu. Nikamhesabia hela.

Nyumbani nikahamisha picha kwa kukata na kubandika. GB 40 za mwanzo zikaingia vizuri. Mara kasi ikashuka mpaka sifuri, diski ikaanza kugonga, tak, tak, tak, kompyuta ikaganda. Nikashusha CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski: rangi ya njano ya tahadhari, sekta mbovu kibao, saa 41,000 na ushei za kuwashwa. Pigeni hesabu, ni zaidi ya miaka 4 na nusu, usiku na mchana! Fundi wa mtaani kwetu anasema lazima ilikuwa kwenye mashine ya kamera za ulinzi.

Jumatatu nikarudi. "Mali ikishauzwa hairudi." Wateja wanasikiliza. Na udada umekwisha, sasa naitwa "we mama".

Mtu huyu anyang'anywe meza na awekwe ndani, arudishe hela ya kila aliyemwibia! Anaapa kwa Mungu huku anajua anachouza!

Ile fomati ya haraka aliyoifanya mbele yangu haipimi chochote, fomati ndefu ndiyo inayopita diski nzima na inakula masaa. Mwambieni muuzaji aifungue CrystalDiskInfo hapo hapo, akisita ondokeni. Na stika ya ile diski ilikuwa mpya kuliko chuma chenyewe. Niliiona, nikanyamaza.

Anayetaka kujua meza ni ipi aje inboksi, nitamwelekeza mpaka mlangoni.